Barua Ilikuwa na Jina Moja

Ofa iliingia kwenye simu yangu saa nne kasorobo asubuhi, nikiwa kwenye kikao ambacho hakikunihusu. Niliisomea chini ya meza. Cheo kimoja juu ya nilichokuwa nacho, mshahara umepanda kwa asilimia 45, mji mwingine kabisa, mwendo wa siku nzima kutoka tulipokuwa tukiishi. Nimepewa siku kumi za kujibu.

Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanichoma: sikumwambia mume wangu. Sikukusudia kumficha. Nilikaa nayo tu. Muda wa chakula cha mchana niliutumia kutafuta kodi za nyumba za huko, nikapekua ada za shule, nikapiga hesabu nyuma ya bahasha. Jioni nilipomwambia, tayari nilikuwa najua barabara ipi ina foleni asubuhi na ipi ina nafuu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umeshaamua," akasema.

"Sijaamua. Ndiyo maana nakuuliza."

"Unajua ada ya shule ya huko hadi ya muhula wa tatu, halafu hujaamua."

Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli. Katika saa nane zile nilikuwa nimeihamisha familia nzima kichwani mwangu, nikampangia kila mtu chumba, na yeye alikuwa hajasikia hata jina la kampuni.

Siku kumi zikaanza kuhesabika. Nilitafuta ushauri kila mahali isipokuwa kwake. Lugha yetu ina methali za kutosha kumpeleka mtu popote anapotaka kwenda: ngoja ngoja huumiza matumbo, haraka haraka haina baraka. Nililetewa zote mbili siku moja, na mtu mmoja.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonizindua. Sitazitaja fedha zenyewe, niseme tu kwamba mshahara wangu wa mkononi wa wakati ule ulikuwa 100. Wa mume wangu ulikuwa 60. Kodi ya nyumba ilikula 25, kwa hiyo tulibaki na 135 za kuendeshea maisha. Ofa mpya ilisema asilimia 45, lakini hiyo ni ya mshahara ghafi. Nyongeza yote ilikuwa inaangukia kwenye daraja la juu la kodi ya mapato, kwa hiyo mkononi ingefika 138 na si 145. Nyumba ya hadhi ileile huko ilikuwa 40. Mama mkwe, aliyekuwa akikaa na mtoto wetu mdogo kila siku bila kudai chochote, asingehama na sisi; wa kukaa naye huko angetugharimu 12. Safari mbili kwa mwaka za kurudi kuona wazee, ukizigawa kwa miezi, 4. Na mume wangu angeanza na sifuri mpaka apate kazi.

Toa, jumlisha: 82. Kutoka 135.

Nikasema sawa, hiyo ni miezi ya mwanzo. Tuseme amepata kazi, lakini kwa kuanza amepewa 45 badala ya 60. Tunafika 127. Mtu ameongezewa mshahara kwa asilimia 45 na nyumba yake imekuwa maskini kidogo kuliko jana. Mpaka mume wangu arudi kwenye 60 yake kamili ndipo tungefika 142, yaani tofauti ya 7 na tulikotoka. Hapo sijagusa gharama za mara moja: lori, amana ya nyumba mpya, mwezi mmoja wa kulipa kodi huku na kule.

Sisemi kila ofa iko hivi. Nyingine ukizihesabu zinatoka safi kabisa, hasa kama uko peke yako au kama mwenzako anafanya kazi ya kompyuta inayofanyika popote. Ninachosema ni kwamba asilimia iliyoandikwa kwenye barua ni ya mtu mmoja, na matumizi si ya mtu mmoja. Fanya hesabu ya nyumba.

Usiku wa pili nilichukua karatasi nikaigawa kwa mstari katikati, faida upande huu, hasara upande ule. Njia hii kila mtu anaijua. Nisichokijua wakati ule ni kwamba barua maarufu kuliko zote inayoieleza iliandikwa kwa mtu aliyekuwa anajiuliza swali langu hasa. Mwaka 1772 Joseph Priestley alikuwa mchungaji wa kanisa mjini Leeds, Uingereza, akifanya majaribio ya sayansi kwa muda wake wa ziada. Alikuwa analipwa gini 100 kwa mwaka, yaani pauni 105, na nyumba ambayo haikuwatosha yeye na familia yake. Lord Shelburne, mwanasiasa tajiri, akamwita akawe mtunza maktaba wake na msimamizi wa elimu ya watoto wake, kwa pauni 250 kwa mwaka na nyumba. Ilimaanisha kuhama. Priestley akamwomba ushauri rafiki yake Benjamin Franklin, aliyekuwa London. Franklin akamjibu tarehe 19 Septemba kwamba hawezi kumwambia aamue nini, ila anaweza kumwonyesha namna ya kuamua: gawa karatasi mara mbili, andika sababu za pande zote kwa siku tatu au nne kadiri zinavyokujia, kisha ukiona sababu za uzito sawa zinatazamana, zikate zote. Tazama kinachobaki.

Priestley alikubali, akahamia Calne, mji ulio karibu na jumba la Shelburne, mwaka 1773. Tarehe 1 Agosti mwaka uliofuata, kwenye jumba la Shelburne, aliipasha moto oksidi ya zebaki kwa lenzi iliyokusanya miale ya jua, akapata hewa iliyoufanya mshumaa uwake kwa nguvu ya ajabu. Mkemia Mfaransa Lavoisier ndiye aliyekuja kuiita oksijeni. Watu wengi wakiisimulia habari hii huishia hapo, kana kwamba oksijeni ilikuwa malipo ya kuthubutu kuhama. Mimi nilipoisoma nilinasa kwenye kipengele kingine, kikavu zaidi. Katika masharti aliyokubaliana na Shelburne, Priestley alihakikishiwa fedha za kila mwaka maisha yake yote endapo Shelburne angefariki, au endapo wawili hao wangeachana. Na kweli waliachana, mwaka 1780. Priestley akahamia Birmingham na pauni zake 150 kwa mwaka, kama walivyoandikiana.

Huyo ndiye mtu ninayemtaka mezani ninapopitia mkataba. Siku ile ile ya kuingia alikuwa ameshaulizia mlango wa kutokea.

Kwenye karatasi yangu mimi, upande wa hasara, nilikuwa nimeandika "Baba watoto — kazi" kwa mstari mmoja, kati ya "hali ya hewa" na "kubadilisha daktari". Alikuja akasimama nyuma yangu akaisoma. Hakusema kitu. Alichukua kalamu, akachora duara kuzunguka maneno yale matatu, akaenda kulala.

Wachumi wana jina la nafasi aliyokuwa nayo. Jacob Mincer, mwaka 1978, aliandika kuhusu uamuzi wa kuhama ndani ya familia, akaeleza kwamba nyumba inaweza kufaidika kwa jumla huku mmoja ndani yake akipoteza. Huyo ndiye "mhamaji aliyefungwa": anahama kwa sababu tu amefungwa pamoja na mwenzake. Lakini Mincer alikwenda mbele, akasema yupo pia anayebaki kwa namna hiyohiyo: angekuwa peke yake angeondoka, anabaki kwa ajili ya mwenzake. Nilipoielewa sehemu hii ya pili ndipo niliposhtuka. Nilikuwa nikifikiri kwamba kukataa ofa ndiyo njia ya salama, ya mke mwema, isiyomuumiza mtu. Kumbe ningebaki, ningebaki na deni, na najijua: ningelidai. Si kwa maneno. Ningelidai kwa kununa kila bosi wangu wa zamani anapomleta mtu wa nje kukalia kiti nilichokisubiri. Miaka kumi ya kununa nayo ni gharama, na ingelipwa na mtu ambaye hakukopa.

Kwa hiyo swali lilihama. Kati yetu mmoja angebeba. Ilibidi tujue ni nani, kiasi gani, kwa muda gani.

Mume wangu ni mkadiriaji majenzi. Kwenye karatasi, kazi yake inahamishika: cheti ni kilekile, saruji ni ileile. Ila kazi kwake haziji kwa matangazo. Zinakuja kwa sababu mkandarasi fulani alikutana naye kwenye foleni ya benki, wakakumbukana, akamwambia kuna zabuni inatoka. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika mwaka 1973 juu ya nguvu ya mahusiano mepesi, akaonyesha kwamba waliopata kazi kupitia mtu mara nyingi waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara mojamoja tu, kwa kuwa rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe. Nilikuwa nimewahi kuisikia hoja hii nikaipita. Safari hii niliiona ikitembea ndani ya nyumba yangu. Ukihama, ndugu na marafiki wa karibu hawapotei, utawapigia simu. Wanaopotea ni wale wa salamu. Hakuna mtu anayempigia simu mtu wa foleni ya benki. Na kwa mume wangu wale wa salamu ndio waliokuwa mtaji.

Siku ya nne tuliomba ruhusa kazini wote wawili tukaenda kuuona mji. Hili ndilo jambo pekee katika kisa hiki ninaloweza kumlazimisha mtu alifanye. Tulikwenda katikati ya wiki makusudi. Mji wowote ukiuona Jumamosi jioni, umevaa nguo zake za sherehe. Jumanne asubuhi mimi nilitoka chumbani saa ambayo ningetoka kwenda kazini, nikapanda usafiri ambao ningepanda, nikasimama kwa saa moja na dakika ishirini. Kurudi, saa moja na nusu. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey walichunguza takwimu za Ujerumani wakaona kwamba watu wenye safari ndefu za kwenda kazini hawaridhiki na maisha yao kama wenye safari fupi, ilhali nadharia ingetarajia kwamba mshahara mzuri au nyumba nzuri imeshawafidia. Haifidii. Niliposhuka nilikuwa nimeshalifuta eneo lile zuri lenye miti nililolichagua siku ya kwanza nyuma ya bahasha.

Yeye asubuhi hiyo alikwenda kwenye ofisi tatu za fani yake. Hakuomba kazi. Aliuliza tu kazi za huko zinapatikanaje, nani anajenga, malipo huchelewa kiasi gani. Ofisi mbili hawakuwa na muda naye. Ya tatu mzee mmoja alimkalisha saa nzima, akamwambia bila kupepesa macho: "Mwaka wa kwanza utalia."

Nilidhani hilo limemaliza mjadala. Alirudi amechangamka kuliko nilivyomwona kwa wiki nzima. "Angalau kuna mtu aliyesema na mimi," akasema. Jiwe lile lilinipata sawasawa.

Kuhusu uzuri wa mji wenyewe sitasema sana. Kulikuwa na mwanga mzuri jioni, na ufukwe. David Schkade na Daniel Kahneman walichapisha mwaka 1998 utafiti uliowauliza wanafunzi wa California na wa majimbo ya katikati ya Marekani jinsi wanavyoridhika na maisha. Viwango vilikuwa sawa. Lakini wote, wa huku na wa huko, waliamini kwamba wa California wana raha zaidi, kwa ajili ya jua. Ukiwaza kuhama, lile linalotofautisha miji miwili linajaa jicho zima, na kumbe siku ikifika utakuwa unaosha vyombo vilevile. Nikaukata ufukwe kwenye orodha. Kwenye hasara nikakata hali ya hewa. Franklin angefurahi.

Kwa mama nilipiga simu siku ya sita. Nilikuwa nimeiahirisha. Baba ameshatangulia, na kati ya watoto mimi ndiye niliyekuwa karibu, mwendo wa nusu saa. Nilizunguka weee, nikaja kuuliza, "Mama, wewe unaonaje?"

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, mimi ukiniuliza nitasema nenda. Ndivyo mama anavyosema. Kwa hiyo usiniulize mimi. Muulize dada yako kama atakuja Jumapili."

Nikampigia dada. Ilikuwa simu ngumu kuliko ya mwajiri, kwa sababu kwa miaka mitano yeye alikuwa akituma fedha na mimi nikienda mwenyewe, na kila mmoja alijua nani anabeba zaidi ila hakuna aliyewahi kulitamka. Tulilitamka. Tulikubaliana kubadilishana: sasa mimi nitume, yeye aende. Mpaka leo hajaukosa mwezi, ingawa Jumapili zimekuwa mbili badala ya nne.

Siku ya nane nilimwandikia mwajiri. Sikukubali wala sikukataa. Niliuliza mambo manne. Nilitetemeka wakati wa kutuma, kwa sababu nimelelewa kushukuru nikipewa. Baadaye nimejifunza kwamba mtu wa rasilimali watu anayepokea maswali kama hayo haoni ajabu yoyote. Muda ambao ofa imetoka na hujasaini ndio muda pekee ambao wao pia wanakuhitaji. Niliomba kuanza kazi baada ya miezi mitatu badala ya mmoja, ili mtoto mkubwa amalize muhula na mume wangu amalizie mradi aliokuwa nao. Wakakubali. Niliomba malazi ya wiki sita za mwanzo. Wakakubali wiki nne. Niliomba mshahara uongezwe. Hapana, kwa adabu.

La nne lilihusu ukurasa wa saba. Kampuni ilikuwa inatoa fedha za kuhama, na chini yake, kwa maandishi ya kawaida kabisa, ilisema nikiacha kazi kabla ya miezi 24 nitazirudisha zote. Vipengele vya aina hii ni vya kawaida, na watu wengi husaini bila kuuliza maswali mawili: je, nikiachishwa mimi? Na je, mwezi wa 23 nadaiwa sawa na mwezi wa 2? Pale kwangu maneno yalikuwa "ajira ikikoma", basi, bila kusema nani ameikomesha. Yaani wangenipunguza kazini mwezi wa tano, nikiwa na lori la vitu kwenye mji nisio na mtu, na bado wangenidai fedha zile. Niliomba iandikwe kwamba deni ni pale tu ninapoacha kwa hiari yangu, na kwamba linapungua kwa sehemu moja ya 24 kila mwezi. Ilichukua siku moja na nusu. Walirekebisha. Kama wangekataa hilo ningekataa kazi, na hilo ndilo jambo pekee katika siku zile kumi nililokuwa na hakika nalo.

Mume wangu naye alikuwa na mkataba wake, tulioufungia jikoni. Masharti mawili. La kwanza, nyumba tupange karibu na yanakojengwa majengo, si karibu na ofisi yangu. Mimi mwenye kazi ya uhakika nisafiri, yeye asiye nayo awe karibu na bahati. Nilikumbuka dakika zangu themanini, nikameza mate, nikakubali. (Tulipata mahali pa dakika hamsini. Bado nazichukia.) La pili, baada ya mwaka mmoja na nusu tukae kikao, na siku hiyo yeye ndiye aulize swali na jibu lake liwe na uzito kuliko langu. Akitaka turudi, turudi.

"Na nikiwa nimepandishwa cheo?" nikauliza.

"Hasa ukiwa umepandishwa cheo."

Siku ya kumi nilisaini.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida, na magumu. Yule mzee alikosea kwa miezi mitatu tu: mume wangu alikaa miezi tisa bila kazi ya maana, na mimi kwenye hesabu yangu niliweka sita. Akiba yetu ilifika mahali ambapo nilikuwa naangalia salio kabla ya kulala, kama mtu anayekagua kama mlango umefungwa. Mtoto mdogo aliugua wiki ya pili, na pale ndipo nilipogundua kwamba kwenye fomu ya shule kuna nafasi ya "mtu wa kupigiwa simu wazazi wasipopatikana", na sikuwa na jina la kuandika. Niliiacha wazi miezi miwili. Hilo halikuwepo upande wowote wa karatasi. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, nzuri kweli, na kuna jioni nilirudi nimefurahi nikalazimika kusimama mlangoni kidogo ili nishushe sura kabla ya kuingia.

Kikao tumeshakifanya mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza, akajijibu mwenyewe kwamba amepata mradi wa miaka miwili na hataki kuukatiza, tuahirishe. Mara ya pili mazungumzo yalikuwa marefu, na yaliyosemwa ni ya kwetu.

Wiki iliyopita rafiki yangu tuliyeanza naye kazi alinipigia simu mchana, sauti imepanda. Ameletewa ofa. Mji mwingine, mshahara karibu mara mbili, siku saba za kujibu. Alinisomea takwimu zote: kodi ya nyumba, shule, bima, hata muda wa majaribio alikuwa ameuangalia. Alitaka nimwambie nini amesahau.

"Mwenzako anasemaje?"

Simu ikawa kimya kidogo.

"Yuko kazini," akasema. "Nitamwambia akirudi."